Rangi Nyekundu Kwenye Bolti ya Mwisho

11 Machi

Daftari hili ni la gereji. Kurasa za mbele zimejaa namba za magari na oda za vipuri, kwa hiyo nimeligeuza na kuanzia nyuma. Aliyenishauri ni wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeshona nguo mtaa wa pili. Asubuhi alinikuta nikigombana na jeki. Akasema, "Wifi, mtu mzima unaongea na chuma? Andika basi. Karatasi haishangai."

Hakuja kwa ajili ya jeki lakini. Alikuja na ujumbe wa kaka yake.

"Anasema mvua zikikatika atakuja kuchukua sanduku lake la spana na ovaroli. Na kumalizana."

"Kumalizana nini?"

"Ndoa, wifi. Au wewe ulidhani bado mnaendelea?"

Nikamwambia aje hata kesho, mlango uko wazi. Nilisema kwa sauti ili Baba anisikie kule kwenye kiti chake. Kisha nikakaza nati moja ya gurudumu mpaka nikakata stadi, skrubu inayoishika.

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana. Mabati yanavuja palepale pa mwaka jana.

13 Machi

Mvua. Breki za pikapu moja. Basi.

17 Machi

Leo amekuja Mama Mkunga. Kaja kwa miguu, mwavuli kaushika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haupandi juu ya kiuno. Hakutaka kukaa.

"Mzee, gari langu."

"Linakuja, mama," Baba akamjibu.

"Linakuja tangu mwaka juzi. Linatembea kwa magoti?"

Nyundo, fundi wetu wa bodi, akacheka ndani ya buti la gari alilokuwa akilinyoosha. Mama Mkunga hakucheka. Anataka gari lake litengenezwe aliuze. Anasema kuzalisha hawezi tena, sasa gari la nini? Siku hizi zahanati wamempa kitabu, anaandika majina ya watoto waliopokelewa na mikono ya wenzake. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na herufi bado zinamkimbia.

Niandike yaliyotokea, maana wifi akija kulisoma daftari hili siku moja nataka akute maneno yangu, si ya mtaa.

Ilikuwa Septemba, miezi kumi na minane iliyopita. Mimi nilikuwa nimekwenda kumzika shangazi, nikakaa wiki nzima. Gereji walibaki Baba na mume wangu. Gari la Mama Mkunga, la zamani lakini zima, lililetwa kubadilishwa mkanda wa taimingi na tenshena yake. Mkanda huo ndio unaofanya valvu na pistoni zipishane kama watu wenye adabu mlangoni. Tenshena ni kigurudumu kinachoubana usilegee, na chenyewe kimeshikwa na bolti moja. Bolti hiyo ikicheza, mkanda unaruka meno, valvu na pistoni zinakutana, na injini imekwisha.

Siku ya tisa tangu lifungwe, injini ilikwisha. Mama Mkunga alikuwa anateremka kilima, anakwenda kuzalisha. Injini ikakata, usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, gari likaingia mtaroni. Mama mjamzito alijifungua salama kwa jirani. Mkono wa Mama Mkunga ulivunjika mahali pawili, ukaungwa vibaya.

Gari likavutwa mpaka hapa. Baba aliifungua injini peke yake, akatutoa wote nje. Akatoka anajifuta mikono, akasema mbele ya watu, "Tenshena haikukazwa. Huyu mkwe wangu ameua injini na nusura aue mtu." Mume wangu alimtazama, akanigeukia mimi. "Kafungue mwenyewe uone," akaniambia. Nikamjibu, "Mimi simpimi baba yangu." Akavua ovaroli, akaitundika kwenye msumari, akaondoka na nguo alizovaa. Ovaroli ipo mpaka leo. Nimeifua mara mbili, sijui kwa nini.

Baba amemwambia Mama Mkunga atapata gari lake mvua zikiisha. Kisha akaniambia mimi, "Toa hedi, badilisha valvu. Mbele kule chini usiguse. Tenshena nitafunga mwenyewe."

20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja hawaji, wanaogopa tope letu.

28 Machi

Nimetoa hedi, kichwa cha injini chenye valvu. Valvu sita kati ya nane zimepinda. Nyundo kaja kuchungulia, katikisa kichwa. "Mumeo huyu!" akasema. Nikamwambia arudi kwenye mabati yake. Zamani ningemuunga mkono. Leo maneno yake yamenikera, na kilichobadilika sikijui.

3 Aprili

Leo nimemfunga Baba vifungo vya shati. Alikuwa amevipishanisha, upande mmoja unaning'inia. Akasema shati limeshonwa vibaya. Nikasema ndiyo, mafundi wa siku hizi.

5 Aprili

Baba amehamisha kiti chake. Miaka yote hukaa karibu na mlango awaone wanaoingia. Leo kakiweka pembeni ya gari la Mama Mkunga, upande wa injini, na amekaa hapo kutwa nzima kama mlinzi wa benki. Nimemuuliza kama hapati baridi. Akasema mlangoni kuna mvua.

9 Aprili

Nieleze na hili la rangi, maana bila hilo gereji yetu haieleweki.

Hapa kwetu bolti ya mwisho ni ya Mzee. Ufungue injini, uioshe, uirudishe yote, lakini bolti moja unamwachia. Anakuja na spana yake mwenyewe, anaikaza, anachovya kijiti kwenye kopo la rangi nyekundu na kuipaka kichwani. Rangi ikishawekwa, hakuna mkono mwingine unaogusa bolti ile. Kuipima tena ni kumtukana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipojaribu kupima moja, kwa utundu tu. Baba hakunipiga. Alikataa kusema nami siku nne.

Wateja wanaipenda rangi ile. Wapo wanaofungua boneti na kuwaonyesha wenzao: hili kalifunga Mzee mwenyewe.

Kwenye kazi ya mkanda, bolti ya mwisho ni ya tenshena. Hilo nimelijua utotoni. Leo nilikuwa nasugua valvu, mvua inapiga juu, nikasimama na valvu mkononi. Kama bolti ya tenshena ni ya mwisho, na ya mwisho ni ya Mzee, basi mume wangu alisahau kukaza nini?

Miezi kumi na minane! Nimekuwa nikilala na swali hili kitanda kimoja bila kuliona uso.

10 Aprili

Labda siku ile Baba hakuwepo. Labda mume wangu alifunga mwenyewe, akapaka rangi mwenyewe. Labda.

16 Aprili

Zahanati walimwita Baba kupimwa macho. Hakutaka. Nikamwambia Nyundo amshike mkono ampeleke, mvua au jua. Wakatoka saa nne asubuhi chini ya mwavuli mmoja, Baba analalamika mpaka barabarani.

Nikabaki na lile gari.

Puli ya kranki, ile inayokaa mbele ya mfuniko, Baba hakuirudisha tangu siku ile, kwa hiyo hakukuwa na cha kunizuia. Mfuniko wa chini umeshikwa na bolti tano, namba kumi zote. Nilitoa ya kwanza, nikaenda kunawa mikono. Fundi ananawa mikono kabla ya kushika grisi! Nikarudi, nikatoa nne zilizobaki.

Tenshena ilikuwa pale, mpya, beringi yake inazunguka bila sauti. Bolti yake ilikuwa na rangi nyekundu ya Baba.

Kichwa cha bolti kilikuwa kimeliwa. Pembe zote sita zimekuwa duara, na rangi imebaki kwenye mashimo tu. Bolti haiwi hivyo kwa kufungwa. Kichwa kile kiliharibiwa na mtu aliyekuwa anafungua, kwa nguvu na kwa haraka, spana inateleza. Mtu alitaka kuitoa bolti ile, ikamkatalia. Na tangu injini ilipokufa, mtu pekee aliyefungua pale ni Baba.

Nikasukuma tenshena kwa dole gumba, ikasogea. Bolti ngumu kama jiwe, na tenshena chini yake inacheza.

Niliitoa kwa patasi na nyundo, saa nzima. Ilipotoka nikaichukua na kuilinganisha na bolti halisi niliyonunua dukani wiki iliyopita. Ni ndefu, imezidi kwa upana wa kucha ya kidole cha mwisho. Tundu lake kwenye injini halitokei upande wa pili. Bolti ndefu inafika mwisho wa tundu na kugota kabla haijabana kitu. Mkono unasikia ugumu, unasema tayari. Kumbe umekaza ukuta wa tundu, na tenshena imeachwa iende itakako.

Ncha yake imebondeka kwa kugota. Naijua familia yake bolti hii. Imetoka kwenye kopo la Baba, lile kopo kubwa la maziwa ambamo hutupia kila bolti ya zamani, kwa sababu "chuma hakitupwi".

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilifundishwa. Mimi la mkuu nilisikia, nikatii, nikafukuza mume. Aliyevunjika ni mkunga.

Waliporudi nilikuwa nimeshafunga mfuniko. Baba kapewa miwani. Kaiweka mfukoni.

17 Aprili

Sijaongea na mtu. Hata na jeki.

20 Aprili

Leo nimesema. Nilingoja Nyundo aende kula, nikaiweka bolti kwenye mkono wa kiti cha Baba.

Alijua kabla hajaishika. Niliona uso wake ukifunga.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Baba, bolti hii umefunga wewe."

"Nimefunga injini kabla hujaota meno."

"Ndiyo. Na hii umefunga wewe."

"Ulikuwa unampima baba yako?"

"Ndiyo, Baba. Nimekupima."

Mvua ilikuwa kubwa, ikabidi tupaze sauti, kwa hiyo hata yale tuliyotaka kuyasema polepole tuliyasema kama watu wanaogombana sokoni. Akasema mumeo ni fundi, ana mikono, alishindwa nini kuihakikisha? Nikamuuliza: kwa spana gani, Baba, juu ya rangi yako? Akasema mkwe akiona baba mkwe amekosea, anasema. Nikamwambia alinituma nikafungue, mimi ndiye nilikataa kwa ajili yako. Akasema, "Basi usinilaumu mimi peke yangu."

Hilo ndilo lililonichoma. Aliliokota kujitetea, na ni kweli.

Nikamuuliza kwa nini alimfukuza mtu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alijaribu kulitoa kwa spana likamshinda. Akakigeuza kiti, akanipa mgongo. Mzee wa miaka sabini na mitatu ananigeuzia kiti! Nikaenda kukaa ndani ya gari la Mama Mkunga, nikafunga vioo, nikalia kwa hasira mpaka vioo vikaingia ukungu.

21 Aprili

Nimepika. Nimemwekea chakula. Hakusema, sikusema.

22 Aprili

Vivyo hivyo. Leo ni siku ya tatu. Najua anahesabu.

27 Aprili

Nimekwenda kwa wifi. Nilimkuta anapindisha suruali ya mtu, pini mdomoni. Nikamweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Wifi, hayo nimeyajua tangu wiki ile ile," akasema.

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe? Ulikuwa unatembea mtaani umeinua shingo, baba yangu, baba yangu. Nyani haoni kundule."

Kaka yake alimweleza usiku aliolala kwake kabla ya kuondoka. Bolti ya zamani ilikuwa imeliwa meno. Mume wangu alitaka kwenda dukani. Baba akamzuia: duka la nini na kopo limejaa? Akaingiza mkono kwenye kopo, akapapasa bila kutazama, akatoa moja. Akaifunga. Akapaka.

"Mwambie asije kumalizana," nikamwambia wifi. "Mwambie nimefungua, nimeona."

"Umefungua lini?"

"Tarehe kumi na sita."

"Ya mwezi huu?" Akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Haya. Nitamwambia."

1 Mei

Wifi kapita. "Nimemwambia," akasema.

"Akasemaje?"

"Kauliza kama mvua bado zinanyesha."

4 Mei

Mvua inapungua. Sitaki ipungue.

12 Mei

Mama Mkunga amekuja kuona gari linafungwa. Nilimwita mimi. Baba hakujua.

Kila kitu kilikuwa tayari. Hedi ipo, mkanda umevaa, springi ya tenshena imeshika. Nimeizungusha kranki kwa mkono mara mbili, alama zote zimerudi mahali pake. Imebaki bolti moja. Mama Mkunga nikamkalisha juu ya pipa la oili, nikamwekea gunia chini. Nyundo akaacha kazi yake bila kuambiwa. Ana pua ya umbea yule.

"Baba," nikaita, "bolti ya mwisho."

Siku hizo zote tulikuwa tunasemeshana kwa "chukua" na "weka". Alinyanyuka haraka mno, nikaona alikuwa anaingojea sauti ile. Akaja na kopo lake la rangi na spana yake. Roho iliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Nilitandika kitambaa, juu yake nikaweka bolti mbili, mpya zote mbili, moja saizi yake, nyingine urefu wa ile ya kopo.

"Ipi ni yake, Baba?"

Alinitazama, akamtazama Mama Mkunga. Angeweza kuvaa miwani. Ilikuwa mfukoni, niliona mkono wake ukienda pale na kurudi. Akazichukua bolti, akazipapasa, akazizungusha kati ya vidole vyake vilivyokakamaa kwa miaka hamsini ya chuma.

"Hii," akasema. "Mkono wangu unaijua."

Alikuwa amechukua ndefu.

Mama Mkunga akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe." Baba akampa zote. Akazisimamisha kiganjani, moja ubavuni mwa mwenzake.

"Hii ni ndefu, Mzee. Mimi si fundi, na naona."

Baba akavaa miwani. Akaziangalia bolti zile kwa muda, na mimi nikamwangalia yeye, na kitu nilichokuwa nimekibeba tangu tarehe kumi na sita kikabadilika. Nilikuwa namwona mwongo. Mwongo angejua ipi ni ndefu. Huyu alikuwa mtu aliyeuamini mkono wake mpaka ukamwaibisha, na aibu ilipokuja akaimwagia mtu mwingine. Sijui kama hilo ni afadhali. Kwa mume wangu si afadhali.

"Hata mwaka ule niliichagua mimi," Baba akasema. "Mkwe wangu alitaka kwenda dukani."

"Kwa hiyo mkono wangu huu…"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Mama Mkunga akateremka kwenye pipa. Nilidhani atamtukana, na ningemwacha amtukane. Akasema, "Kila asubuhi nikishindwa kufunga kifungo nilikuwa namlaani yule mtoto wa watu. Namtaja kwa jina. Kila asubuhi, Mzee. Nani atazizoa hizo laana?"

Baba akaliweka kopo la rangi sakafuni.

"Funga wewe," Mama Mkunga akaniambia. "Na hiyo rangi msiweke."

Nikafunga. Nikapima, nikasukuma tenshena kwa dole gumba, nikapima tena. Baba amesimama pale pale anatazama.

13 Mei

Asubuhi Baba kaongea kabla ya chai. Amesema alipoifungua injini siku ile na kuona bolti, aliogopa. Si kwa ajili ya gari moja. "Nikasema, nikikiri hii, watu watataka kufungua zote." Nikamuuliza, zote ni ngapi tangu macho yaanze kukusumbua? Akasema macho yalianza zamani.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nikamfunga vifungo.

15 Mei

Nimeanza kuwaita wateja wa rangi nyekundu, mmoja mmoja. Wengine wanachukia. Mmoja kaniambia mimi ni mtoto asiye na adabu, nadiriki kugusa alama ya Mzee. Nikamwambia alete gari kwanza, matusi tutamalizia likiwa juu ya jeki.

19 Mei

Gari la Mama Mkunga limewaka. Linanguruma vizuri, halina kelele. Mwenyewe hakuja kulisikia, amemtuma mnunuzi. Ameondoka nalo akipiga honi.

22 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Tope limeanza kupasuka. Nimefua ovaroli mara ya tatu, imekauka kabla ya saa sita.

26 Mei

Amekuja.

Asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa chini ya teksi ya kijani, mojawapo ya zile za rangi nyekundu, injini sawa na ile ya Mama Mkunga. Nilikuwa nimeshatoa puli. Niliona viatu kwanza. Sikuvijua. Bila shaka, watu hununua viatu.

"Shikamoo, baba," akamwambia Mzee.

"Marahaba." Baba alijiinua kwenye kiti, ikamchukua muda. "Mwanangu, ile bolti ilikuwa yangu."

"Najua, baba."

"Nimesema mbele ya mwenyewe."

"Nimesikia. Nashukuru."

Basi. Miaka kumi na saba walifanya kazi pamoja, wakayamaliza kwa maneno yasiyojaza kiganja. Nyundo alikuwa anafuta paneli moja, ile ile, haendelei wala haachi.

Nilitoka chini ya teksi na grisi yangu. Amekonda kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima, nikatoa bolti badala yake, ile yenyewe, iliyoliwa kichwa, nimeifunga kwenye kitambaa safi. Akaigeuza, akaitazama ncha, akanirudishia.

"Jina lako limesafishika," nikamwambia. "Mtaa mzima unajua."

"Si lote. Na mimi nina langu. Siku ile niliisikia ikigota. Spana ilisimama mapema. Masikio yangu yaliniambia, lakini rangi ilikuwa bado mbichi, nikanyamaza kwa heshima. Nimepita kwa Mama Mkunga asubuhi hii, nimemwambia hivyo hivyo."

"Akasemaje?"

"Kaniomba radhi. Yeye!" Akatikisa kichwa. "Nilishindwa hata pa kutazama."

Nikasema, "Rudi nyumbani."

Sikuwa nimepanga kulisema hivyo, kavu, katikati ya gereji, Baba anasikia na Nyundo anasikia. Lakini lilitoka, na nililimaanisha kuliko neno lolote nililowahi kusema. Nikasema tena. Nikamwambia nimekosa, nimemkosea yeye kuliko Baba alivyomkosea, kwa sababu Baba alikuwa anajificha na mimi sikuwa na cha kuficha.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Wewe ni fundi?" akaniuliza.

"Unanijua."

"Mfuniko wa chini wa gari lile una bolti ngapi?"

"Tano."

"Namba ngapi?"

"Kumi."

"Kuzitoa zote, dakika ngapi?"

Akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja siku zote.

"Kumi," nikasema.

"Gari lilikaa hapo, hatua sita kutoka unapokunywea chai," akasema. "Miezi ishirini. Ningekuwa nimekosa kweli, ungeona. Ningekuwa sijakosa, ungeona. Mimi sikutaka uniamini. Nilitaka uwe na hamu ya kujua."

Akaingia ndani, akatoa sanduku lake la spana. Akaishusha ovaroli kwenye msumari, akainusa bila kukusudia, akaona imefuliwa. Alisimama nayo kidogo. Kisha akaikunja, akaiweka juu ya sanduku. Wazee wake watakuja Jumamosi kwa yale mengine, ya kumalizana. Akamuaga Baba, akampa Nyundo mkono, akaniambia nibaki salama. Nikamwambia aende salama. Yaani nilisema hivyo, kama kwa mteja.

Nyuma ya msumari ukuta una umbo la ovaroli, jeupe, mikono imeshuka. Moshi wa gereji ulipaka kila mahali isipokuwa pale.

Baba akasema, "Mama, kaa kidogo." Sikukaa. Nilichukua spana namba kumi, nikarudi kwenye ile teksi ya kijani. Nikatazama saa ya ukutani, nikaanza kutoa bolti za mfuniko wa chini. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Dakika sita. Nami nilimwambia kumi.